Maabara ya moto wa nyika: oveni kwanza, droni baadaye

Bajeti ya maabara ya moto wa nyika ikianza na droni na kamera ya joto, irudishwe kwa aliyeiandika. Takwimu za moto husimama au kuanguka kwenye oveni na mizani.

Katika miombo, mathalani msitu wa Kitulangalo, Morogoro, wanakofanyia mafunzo wanafunzi wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), kinachoungua zaidi ni nyasi, majani makavu na vijiti. Tega fremu ya mita 1 kwa 1, kata nyasi usawa wa ardhi, zoa majani, kisha tenga vijiti kwa unene: chini ya milimita 6, 6 hadi 25, na 25 hadi 76. Usivichanganye, kwani chembamba hupoteza unyevu kwa saa chache, kinene kwa siku kadhaa. Sampuli za unyevu zisafiri kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Mfuko wa karatasi ni wa ndani ya oveni; ukiutumia porini, jua la saa nane litakuwa limeshachukua maji kabla hujafika kwenye mizani.

Vijiti vikae nyuzi 105 kwa saa 24. Majani mabichi nyuzi 70 kwa saa 48, maana joto kali huondoa na mafuta yake, ukayahesabu kuwa maji. Usiingize mzigo mbichi juu ya uliokaribia kukauka. Sampuli ikitoka, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli, punje zinazonyonya unyevu: ukiipima ikiwa moto, hewa inayopanda huinua sahani ya mizani na uzito husomeka pungufu, ukiiacha mezani, hunyonya unyevu upya.

Hesabu nayo ina mtego. Gramu 50 zikikauka zikabaki 40, unyevu ni asilimia 25, si 20; maji hugawanywa kwa uzito mkavu. Ndiyo maana jani bichi huweza kuvuka asilimia 100, na hakuna kilichoharibika.

Kwa joto la moto wenyewe, tumia thamokapo (vipima joto vya waya) za aina ya K, waya mwembamba, unene uleule kwa kila kiwanja. Moto wa nyasi hupita kwa sekunde chache. Waya mnene haujapata joto, moto umeshaondoka. Kirekodi data kizikwe, waya wake nao ufunikwe udongo.

Kalorimita, kifaa cha kupima nishati inayotolewa na mmea ukiungua, unaweza kuazima, kwa kuwa mimea haitofautiani sana: kilojuli 18,000 kwa kilo zinatosha kuanzia. Kupata ukali wa moto kwa kanuni ya Byram ya 1959, zidisha hizo kwa kilo 0.4 za nyasi zilizoungua kwa mita ya mraba, kisha kwa kasi ya moto ya mita 0.2 kwa sekunde: kilowati 1,440 kwa kila mita ya mstari wa moto. Ukikosea kasi kwa nusu, na jibu limekosewa kwa nusu. Kwa hiyo nunua nondo za kutosha za kuweka alama kila mita 5, na saa za kuhesabia sekunde, moja kwa kila msomaji.