Kidude cha kidoleni

Juzi nasafisha droo nikakutana na kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, nikacheka peke yangu halafu kicheko kikakata.

Januari 2021 hiyo, korona imepamba moto, nipo Leicester, Uingereza, nabeba boksi, kulea wazee, kazi yenyewe ya kupigiwa simu, usipopigiwa huli. Zamu ya usiku Mtanzania, Mkongo, Mfilipino, Mnigeria. Mzungu ni meneja, naye alikuwa anaongea na sisi kupitia dirishani. Nikaanza kukohoa. Wakati ule ukijitenga ulikuwa unalipwa pauni 95.85 kwa wiki na chumba peke yake kinakula karibu yote, ndo maana kuna watu walikuwa wanameza panadol wanaenda kazini hivyo hivyo, mi siwalaumu.

Dada wa Tanga tuliyekuwa tunashea nyumba akanitengea kikombe, akakifunga uzi mwekundu mkononi kisichanganyike. Mama nae kwenye simu, "mwanangu usimwambie mtu, wakikuuliza sema malaria." Malaria, Uingereza, na theluji hii!

Kidude kinasoma 95, yaani oksijeni kwenye damu asilimia 95. Napiga simu ya huduma ya afya naambiwa 95 iko safi, kunywa maji upumzike, na mimi hapo sentensi moja naikata mara tatu kutafuta pumzi. Huyo huyo dada wa kikombe ndo alipiga 999, namba ya dharura. Hospitali wakatoa damu kwenye mshipa wa mkononi wakapima upya, kumbe 86.

Baadae ndo nasoma kwamba kidude kinapima kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi nyeusi inaumeza mwanga kwa hiyo namba inaweza kupanda kuliko ukweli. Madaktari wa Michigan, Marekani, walishachapisha Desemba 2020, mwezi mmoja tu kabla yangu: kwa waliosomeka 92 mpaka 96 kwenye kidude, weusi 11.7% damu yao ilipopimwa walikuwa chini ya 88, wazungu 3.6%. Sasa nani aliwaambia wale wa kwenye simu?

Na grupu zima la wasap lilikuwa limekazana na vitamini D, eti weusi tunakufa na korona sababu hatupati jua. Wakati ofisi ya takwimu ya hapa Mei 2020 ilisema weusi tulikuwa tunakufa na korona zaidi ya mara 4 ya wazungu wa umri wetu, ila ukiweka kwenye hesabu hali ya uchumi, makazi na afya inashuka mpaka karibu mara 2. Jua gani hilo linaloshuka ukihesabu kodi ya nyumba?

Mama hajabadilika lakini. Majirani Temeke mpaka leo wananipa pole ya malaria.