Jinsi Haraka alivyokubali kupita juu ya mkono wangu

Kwetu Lushoto, mtoto akimwona kinyonga kwenye ua hupiga kelele na kukimbia, na katika kukimbia huko mimi nilikuwa hodari kuliko wenzangu wote. Kwa hiyo nilipomweleza mama kwa simu kwamba nimenunua kinyonga hapa Leicester, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, umekwenda Ulaya kununua kinyonga, na huku wamejaa kwenye ua?"

Huyu wangu, niliyempa jina la Haraka, si miongoni mwa wale wenye pembe wa Usambara, ambao mwaka 2006 wanasayansi waliwaingiza katika jenasi waliyoiita Kinyongia kwa neno letu wenyewe. Yeye ni dume la kinyonga wa Yemeni, mwenye kishungi kirefu utosini, aliyezalishwa huku huku Uingereza. Tundu la wavu, taa ya joto na ile ya mionzi ya urujuanimno vilinigharimu pauni 200 na kitu, na gharama ya nyenje anaokula niliacha kuihesabu zamani.

Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba nikimtoa nusu saa kila siku, atake asitake, baada ya wiki 2 angekuwa mpole kama paka. Nilimwamini, na mpaka leo nikimkumbuka hukunja uso. Siku ya kwanza nilipitisha mkono kwa juu na kumshika kiunoni. Haraka, ambaye dakika moja kabla alikuwa kijani kama jani changa la mgomba, alikolea hadi akakaribia weusi, akajibapa ubavu mpaka akaonekana mara mbili ya ukubwa wake, akaachama na kutoa mlio kama wa nyoka. Nikajiambia kwamba atazoea. Siku ya sita aliniuma kidole gumba. Kinyonga hana sumu, lakini taya zake hubana kama kibanio cha nguo kilichotiwa meno ya msumeno, nami nilipiga kelele ile ile ya Lushoto mpaka jirani akagonga ukuta. Baya zaidi ni kwamba aligoma kula siku 4, na kila niliposogea alizunguka nyuma ya tawi, nikabaki kuona macho mawili tu, moja kila upande.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia akili. Kwa kinyonga, kinachoshuka kutoka juu ni ndege mwenye njaa, na mimi kwa wiki nzima nilikuwa kipanga wa kila siku saa 12 jioni. Nililipandisha tundu juu ya kabati ili tawi lake lipite kichwa changu, na kwa wiki 3 sikumgusa kabisa. Nilinyunyiza maji asubuhi na jioni, kwa kuwa yeye hunywa matone kwenye majani, na nilimpa nyenje kwa kibano, baadaye kwa vidole, huku nikitazama pembeni, kwani kukodolewa macho hakupendi.

Kisha nikabuni daraja, na hili nalisimulia kwa kila mgeni. Niliweka mti wa chungu nje ya tundu, nikatega mwanzi kutoka mlangoni hadi kwenye mti, halafu nikaukata katikati na kuacha pengo la urefu wa mkono wangu. Pengo hilo nililiziba kwa mkono wenyewe, nikiwa nimevaa sweta ya kijani na kuegemeza kiwiko kwenye mgongo wa kiti. Haraka alitoka akiyumbayumba kama jani linalopeperushwa, jicho moja kwangu, jingine kwenye mti. Alinyoosha mguu, akaigusa sweta, akaurudisha. Baada ya dakika 40 akageuka na kurudi ndani, nami nikabaki na mkono uliokufa ganzi. Siku ya tano aliushika mkono kwa vidole viwili upande huu na vitatu upande ule, akakaza, akapita polepole kabisa mpaka mtini, ambako nilikuwa nimemwekea kiwavi mnono. Sikuthubutu hata kupumua.

Huu sasa ni mwezi wetu wa nne pamoja, na mwanzi niliutupa kwa sababu mkono peke yake unatosha, mradi uje kutoka chini, mbele ya kifua chake. Akikolea rangi namwacha, na akishika kitu simvuti, kwani kucha zake huumia. Sidhani kwamba ananipenda. Ninavyoona, mimi ni barabara yake ya kwendea mtini.

Wiki iliyopita mama alimwona kwenye simu ya video akiwa amekaa begani kwangu. "Haya, nimemwona," akasema. "Sasa sogeza simu mbali, mwanangu, asije akarukia huku."