Upande wa Pili wa Low

David Bowie nilimjua siku kifo chake kilipotangazwa. Ilikuwa Jumatatu, 11 Januari 2016. Wakati huo nilikuwa nakaa Berlin kwa dada yangu, mtaa wa Schöneberg, na naosha vyombo kwenye mkahawa wa Mturuki mmoja. Natoka kazini mchana, napita zangu Hauptstraße, nikakuta watu wamejazana mbele ya nyumba namba 155. Chini maua, mishumaa, na picha za mzungu aliyechorwa radi usoni. Sisi tumezoea msiba wenye turubai, viti na wafiwa wa kupewa mkono wa pole. Pale hata wa kumuuliza nilimkosa, nikampigia dada.

"Kafa nani huku kwenu?"

"Bowie. Mume wa Iman."

"Iman yupi?"

"Yule mwanamitindo wa Kisomali, aliyekuwa anasoma Nairobi. We nawe! Kumbe huyo Bowie alikaa mtaani kwetu?"

Kwamba marehemu alikuwa mwanamuziki niliambiwa jioni na shemeji, aliporudi kazini. Kawaida yake akiingia huanza na utani, maana mimi na yeye tuna letu: yeye kazaliwa Berlin ya Mashariki, mimi nimezaliwa Kikwajuni, Unguja, kwenye majumba yaliyojengwa na hao hao Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi. Tunasema tumekulia nyumba za fundi mmoja. Siku hiyo hakutania. Alivua koti, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya santuri zake. Dada akanikonyeza nisimsemeshe.

Aliyoitoa ina jalada la rangi ya chungwa, na Bowie kaonekana ubavuni, nywele nazo rangi ile ile, kama hazina mwisho. Low, ya mwaka 1977. Shemeji aliinunua mwaka 1989, Ukuta wa Berlin ulipofunguka. Kila raia wa Mashariki aliyevuka alipewa marki 100 za makaribisho. Jamaa zake walinunua kahawa na ndizi, yeye akatafuta duka la santuri. Alikuwa na hamu ya miaka miwili. Juni 1987 Bowie alipiga mbele ya jengo la Reichstag, upande wa Magharibi, karibu kabisa na Ukuta, na vijana wa Mashariki wakakusanyika upande wao kusikiliza mpaka polisi wakawatawanya. Shemeji alikuwemo. Anasema upepo ukija wanasikia, ukigeuka hawasikii, na maneno ya nyimbo hayakufika kabisa. Kilichovuka ni besi na dramu.

Akaweka upande wa kwanza. Nitasema kweli, haukunishika. Nyimbo saba fupi fupi, ya kwanza na ya mwisho hazina mwimbaji, na kadhaa zinafifia ndiyo kwanza umeanza kuzizoea. Bendi yenyewe kali, hilo sikatai: Carlos Alomar kwenye gitaa, George Murray kwenye besi, Dennis Davis kwenye dramu. Sikio langu lilinasa dramu ile ndogo. Inapigwa pa!, halafu mlio wake unateleza kushuka chini kama kitu kinachoporomoka kwenye ngazi. Shemeji akanieleza kuwa mtayarishaji, Tony Visconti, aliipitisha kwenye mashine mpya ya kubadilisha sauti, na kwamba watayarishaji wengine walihangaika sana kujua amefanyaje.

Kimoja kilinifurahisha, wimbo uitwao Sound and Vision. Vyombo vinapiga, vinapiga, unamngoja mwimbaji, haji. Anaingia karibu nusu ya wimbo imeshakwisha. Nikamwambia shemeji, huyu angeelewana na watu wa taarab.

Dada alikuwa jikoni na wali wake wa nazi ya kopo. Akatoa kichwa. "Si umwekee Bi Kidude mwenzio, mbona mnaboreka hivyo?"

"Sasa nyamaza," shemeji akasema, kwa Kiswahili chake alichofundishwa na mkewe bila adabu zake.

"Sema 'naomba unyamaze,'" dada akamsahihisha, akarudi kwenye sufuria.

Akaigeuza santuri.

Hapa inabidi nieleze kazi yangu, maana bila hivyo haitaeleweka kwa nini nilikaa vile. Mimi ni mpiga fidla. Nimeanza utotoni kwenye kikundi cha taarab asilia, nyuma ya wazee. Kwenye taarab, kabla mwimbaji hajainuka, tunapiga bashraf: fidla, kanuni, udi, akodioni, nai akiwepo mpigaji, na hakuna neno hata moja. Ni muziki mgumu, uliokuja kwetu kwa njia ya Misri na Uturuki, na mazoezi yake huchukua muda mrefu kuliko nyimbo zenyewe. Basi tunaupiga wakati watu wanaingia. Huyu anatafuta kiti, yule anamsalimia wifi yake wa Mkunazini, watoto wanakimbizana. Pesa hutunzwa mwimbaji, tena kwa ule mstari uliomchoma mtu moyoni. Sijapata kuona mtu anainuka na noti yake kwenda kuitunza bashraf. Nilikua nikiamini hivyo ndivyo mambo yalivyo: vyombo vinafagia uwanja, maneno ndiyo yenye shughuli.

Upande wa pili wa Low una vipande vinne tu. Cha kwanza ni Warszawa. Kinaanza na sauti nzito ya chini, inagonga polepole kwenye noti moja, na juu yake vinanda vya umeme vinaingia kwa zamu bila haraka yoyote. Halafu unakuja muziki wa noti tatu zinazopanda, la, si, do. Kwetu huo ni mwanzo wa nahawandi, moja ya makamu, yaani ngazi za noti tunazopigia taarab; mtu yeyote aliyeshika fidla vidole vyake vinaijua njia. Lakini haukwenda ninakokujua mimi. Ulipanda, ukasimama, ukageukia mahali pengine kabisa, na kila ukigeuka mimi mkono wangu wa kushoto ulikuwa unasogea juu ya goti, unatafuta.

Baadaye shemeji alinisimulia noti zile zilikotoka. Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa Ufaransa, kwenye kasri la Hérouville, ingawa watu wanapenda kuiita ya Berlin. Berlin ilimaliziwa tu, kwenye studio ya Hansa iliyo hatua chache kutoka ulipokuwa Ukuta. Sasa kule kasrini Bowie aliondoka kwenda Paris kwa mambo ya mahakama, akamwachia Brian Eno, mwanamuziki mwenzake, studio aendelee peke yake. Mtoto wa Visconti, wa miaka minne, akakaa kwenye piano akawa anabonyeza noti tatu hizo, anazirudia. Eno akaja akakaa pembeni yake, akaumalizia.

Dakika kama ya nne sauti ya mtu ikaingia. Nilishtuka, maana nilishasahau kuwa kuna mwimbaji. Ni Bowie mwenyewe, sauti imepandishwa sehemu nyingine hata unadhani ni mtoto wa kwaya. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, nikamuuliza shemeji anasema nini.

"Hasemi kitu."

"Si naona anaimba?"

"Anaimba, lakini si lugha. Maneno ametunga."

Bowie alikuwa amenunua santuri ya kwaya ya Kipolandi, shemeji akasema, treni yake iliposimama Warszawa, na milio ya kwaya ile ndiyo iliyomkaa. Mimi sikuwa nasikiliza maelezo tena. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi unadondosha tui sakafuni, na hakuna aliyemwambia kitu.

Nikaelewa alichokifanya yule bwana, na mpaka leo naona ni ujasiri mkubwa. Sisi tunaweka kisicho na maneno mwanzo, watu wakiwa hawajatulia. Yeye alianza na maneno, akayatumia mpaka yakamwishia, ndipo akaviacha vyombo viseme peke yao wakati wewe umeshakaa, umeshamjua, na huna pa kukimbilia.

Vilivyofuata siwezi kuvieleza vyote kwa kipimo kimoja. Art Decade nilifuatilia selo tu, inayopigwa na Eduard Meyer, fundi mitambo wa Hansa. Iko chini kabisa, usipokuwa mtu wa nyuzi unaipita. Weeping Wall Bowie alipiga vyombo vyote mwenyewe, na imejaa milio midogo ya marimba inayozunguka bila kupumzika. Ya mwisho, Subterraneans, inahusu watu waliokwama Berlin ya Mashariki. Yaani akina shemeji. Vinanda vinakwenda kama vinapigwa kinyumenyume, na katikati saksafoni inatokea, inalia kidogo peke yake, inaondoka. Shemeji alikuwa ametazama dirishani tangu ianze. Sikumtazama usoni, mtu na shemejiye kuna mipaka.

Wali ulishika chini. Tuliula hivyo hivyo, na dada alikuwa wa kwanza kusema. "Mwenye kufiwa na mume kama huyo," alisema, "atapata tabu."

Shemeji akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kisha akatuwekea santuri nyingine ya Bowie, ya mwaka 1979, yenye wimbo alioutunga baada ya kutembea Kenya. Humo ndani anaimba Kiswahili: asante, habari, habari, habari. Dada alicheka mpaka akashika mbavu, akataka urudiwe. Mimi pia nilicheka. Ajabu yake, lugha yangu mwenyewe kinywani mwake ilinipita hivi hivi, na ile isiyokuwa lugha ilikuwa bado inazunguka kichwani.

Nikaenda kuchukua fidla. Nilikuwa nimeilegeza nyuzi kwa ajili ya baridi, ikabidi niikaze upya, taratibu, kwa kuogopa kukata uzi maana Berlin bei zake si za kwetu. La, si, do. Nikapata sehemu ya kwanza, nikapata na mgeuko wa kwanza. Wa pili ukanishinda, nikawa narudia, mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Saa nne ilikuwa imepita, na Wajerumani baada ya saa nne hawana mchezo. Nikaendelea bila upinde, nadonoa kwa kidole.

Niliporudi Unguja niliipeleka Warszawa kwenye mazoezi, kwenye simu, nikamwekea kiongozi wetu spika ya masikioni. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba kwamba kwenye onyesho lijalo tujaribu kupiga bashraf mwisho, mwimbaji akishakaa.

"Mwisho?" akasema. "Na atakayetunza nani?"

"Hakuna, maalim. Watasikiliza tu."

"Watatoka, mwanangu. Mwimbaji akikaa, watu wanatafuta viatu."

Hata hivyo spika hakuivua. Aliusikiliza wote, macho kafumba, na vidole vyake vya mkono wa kushoto niliviona vinatembea juu ya kanzu, vinatafuta ule mgeuko wa pili. Sauti ilipoingia akafumbua macho.

"Huyu anaimba nini?"

"Hana maneno, maalim."

Akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Sauti anayo," akasema. "Alikosa mshairi tu."