Maua ya miombo kabla ya mvua, Tabora: kumbukumbu ya mradi

Njia ya kutazama maua ni ileile ya kilomita 3, kila Jumamosi saa moja asubuhi, kuanzia katikati ya Agosti hadi mvua ishike. Miti 20 ina namba. Vibao vimekatwa kwenye makopo ya soda na kufungwa kwa waya uliolegea, kidole kipite. Waya ukibana, mti ukinenepa unakatika gome. Kamba za katani zimeachwa, kwa sababu moto wa nyasi huziunguza. Msumari usitumike kabisa: mninga ukitobolewa hutoa utomvu mwekundu kama damu.

Mti wa mwamba-ngoma hutangulia kuchanua, maua mekundu kwenye matawi matupu, ndege aina ya chozi wakigombania nekta. Kisha mbaraka (Cassia abbreviata), wa manjano, ambao kwa mbali hudhaniwa mninga. Tazama matunda ya mwaka jana: ya mbaraka ni maganda marefu kama fimbo, ya mninga ni duara bapa lenye nywele ngumu katikati na bawa pana pembeni.

Kosa linaloharibu takwimu kuliko yote ni la mtundu na myombo. Septemba, udongo ungali mkavu, miti hii huchipua majani machanga mekundu au ya rangi ya shaba, na mlima mzima huonekana umechanua. Hayo si maua! Maua ya mtundu ni madogo, meupe yanayoelekea kijani. Mara nyingi harufu na mvumo wa nyuki hukufikia kabla hujayaona. Ndiyo maana fomu mpya ina safu mbili, ya majani na ya maua. Maua hupewa 0 (hakuna), 1 (matumba), 2 (yamechanua) au 3 (yanapukutika). Namba 2 haiandikwi mpaka darubini ionyeshe maua matatu yaliyofunguka. Petali zilizo chini si ushahidi, upepo huzihamisha.

Mninga huchanua kwa wiki mbili tatu tu, hivyo Oktoba matembezi yawe mara mbili kwa wiki. Andika kwa penseli. Wino huchuruzika kwa jasho. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, huita mbung'o.

Kinachofuata ni Scadoxus, ua jekundu la mviringo kama mpira linalochomoza ardhini mvua za mwanzo zikinyesha, mara nyingi kabla ya majani yake. Kitunguu chake kina sumu, kisichimbwe. Kila kitakachoonekana kiwekewe jiwe umbali wa hatua moja upande wa kaskazini, kwani kiangazi kijacho hapo patakuwa majivu matupu.