Njiwa anadonoa ila hamezi

Mjomba wangu alifuga njiwa kabla hajaoa, na mke alipokuja akaambiwa wazi kwamba hawa wamekutangulia humu ndani. Hii ni Tanga, Ngamiani, mi nasoma sekondari nakaa kwake, na kazi yangu asubuhi kabla ya shule ilikuwa kufungua banda, kumwaga mtama na kubadilisha maji. Njiwa manga wa kawaida tu, ila kulikuwa na jozi moja nyeupe mjomba aliipenda kupita kiasi, dume lake lina kifua kipana na manyoya mpaka miguuni, likianza kunguruma linamzunguka jike hata wapita njia wanasimama.

Sasa asubuhi moja nimemwaga mtama wote wakashuka, na yule jike mweupe naye kashuka, anadonoa kama wenzake, ukiangalia harakaharaka unasema huyu mzima mbona anakula. Ila nikabaki namwangalia maana kuna kitu hakijakaa sawa, anaokota punje, anarusha kichwa nyuma, anajaribu kumeza, punje inarudi inaanguka. Anaokota nyingine, vilevile. Wenzake walipomaliza wakaruka, pale alipokuwa kasimama yeye pamebaki mtama umelowa mate. Afu akapanda kwenye kibao akajikunyata, manyoya kayavimbisha, jicho linafumba lenyewe, na hiyo ni saa moja asubuhi wakati njiwa mwenye afya yake yuko juu ya bati anafanya fujo.

Nikamshika, hapo ndo nikashtuka. Kwa mbali alionekana kajaa, kumbe yote yale manyoya, ukipitisha kidole kifuani ule mfupa wa kidari umechomoza mkali, pembeni nyama hamna. Kukonda kule si kwa jana wala juzi. Ndege ndo walivyo bana, huko porini anayeonekana mnyonge ndo mwewe anamchukua, kwa hiyo anajikaza mpaka nguvu ya kujikaza imwishie, siku unayomuona anaumwa ujue kaanza zamani.

Wakaja watu. Mkaza mjomba alikuja na kisu, na si kwa roho mbaya, hesabu yake ilikuwa achinjwe sa hivi angali hai tupate kitoweo, tukimsubiri afe ni kibudu na hasara juu. Jirani wa ng'ambo ya barabara akasema mdondo huo, wekeni mshubiri na pilipili kwenye maji. Mwingine akasema jozi hiyo imepigwa jicho, si mnaona hata makinda yao hayakai? Na hapo alisema kweli, maana kila wakiangua kinda linakua kidogo, manyoya hayajaota vizuri linakufa kiotani, na sisi tulikuwa tunasema panya, tunasema baridi, tunasema dume halijui kulea.

Bahati nzuri kipindi hicho bwana mifugo wa kata alikuwa anapita mitaani kuchanja kuku, ile chanjo ya mdondo ya tone la jichoni, nikamkimbilia.

"Shikamoo bwana mifugo, nyumbani tuna njiwa anaumwa."

"Marahaba. Shingo inapinda? Anazunguka kama mlevi?"

Nikamwambia hapana, anadonoa ila hamezi. Akaniangalia. "Mdomoni mmemchungulia?"

Watu wote wale na ushauri wote ule, kumbe mdomoni hakuna aliyechungulia. Akaja nyumbani, akaomba kijiko cha chai, akamwambia mjomba mshike mabawa yatulie ila kifua usikibane, ndege kifua kisipocheza hapumui. Akafungua mdomo kwa mpini wa kijiko mi namulika na simu. Kooni kulikuwa na bonge la njano kama maziwa mgando yaliyokauka ukingoni mwa kibuyu, na harufu yake sitaki kuikumbuka, mkaza mjomba aliziba pua na upindo wa kanga akasogea pembeni. Mjomba akataka kijiti aikwangue palepale, bwana mifugo akamzuia, kitu hicho kimeshikana na nyama, ukikichokonoa atavuja damu umuue wewe badala ya ugonjwa.

Akatueleza ni vijidudu vinaitwa trikomonasi, vinakaa mdomoni na kooni, njiwa wanaambukizana kwenye maji wanayochangia, na wazazi wanawapa makinda pale wanapowatapikia yale maziwa yao ya kooni, ule uji mzito njiwa wanaolishia makinda. Binadamu haambukizwi. Afu akaomba aletewe dume. Akamfungua mdomo, safi kabisa, wala doa. Mjomba akatabasamu kama kasifiwa yeye. Bwana mifugo akasema, "Huyu sasa ndo simwamini," kwamba mwingine anaishi navyo miaka haumwi hata siku moja ila anawagawia wengine, kwa hiyo banda zima linywe dawa.

Ugomvi ukaanzia hapo. Mjomba hataki kabisa, yaani wazima niwape dawa za nini, leo wazima kesho mtaniambia niwapeleke hospitali ya Bombo wakalazwe! Bwana mifugo hakubishana naye, akamuuliza swali moja tu, makinda yanalishwa na nani? Mjomba kimya.

Dawa yenyewe metronidazo, ileile Flagyl watu wanayomeza tumbo likiwasumbua, ila kipimo kilitoka kwake baada ya kutupeleka dukani kwa mangi tukamtia njiwa kwenye mfuko wa kaki tukampima, hakufika hata gramu 250, na njiwa wa umbo lile anatakiwa awe 300 na kitu. Kipimo sikiandiki hapa kwa sababu ikizidi inawapoozesha na kuwayumbisha, mpeleke ndege wako akapimwe. Akaongeza kwamba ndege aliye kwenye dawa hiyo haliwi. Mkaza mjomba akasonya, kisu kikarudi jikoni.

Jike tukamtenga kwenye boksi, juu tukaning'iniza balbu ya zamani ile inayochoma, umeme ukikatika tunamwekea chupa ya maji ya moto tumeiviringisha kwenye kanga kuukuu. Maji ya glukosi nilimdondoshea pembeni ya mdomo tonetone, maana tundu la pumzi la ndege liko nyuma tu ya ulimi, ukimiminia umemzamisha. Bonge likaanza kusinyaa likabanduka lenyewe, na siku alipomeza punje ya kwanza mjomba alinitumia meseji nikiwa shule. Kinda mmoja wa jozi nyingine hatukumuwahi. Vyombo vya maji nikawa naosha kila asubuhi naanika juani mpaka vikauke kau, vijidudu vile ukavu unaviua.

Dume lilinyweshwa dawa kwa kushikwa na watu wawili, na uzao uliofuata makinda yote mawili yaliruka.

Mjomba ndo alibadilika. Akienda soko la Mgandini kununua njiwa hatoi hela mpaka amfungue mdomo kila mmoja na kummulika, foleni nyuma yake inanung'unika, na kuna muuzaji mmoja alimchoka akamwambia mzee we umekuja kununua njiwa au kung'oa watu meno.