Nilivyoingia serikalini kupima udongo bila kuwa na mtu

Mwaka niliomaliza shahada ya uhandisi ujenzi, kila niliyemwomba ushauri aliniambia mambo yaleyale mawili. Serikalini huingii kama huna mtu. Na hata ukiingia, usikubali kupelekwa maabara ya udongo, utaozea huko ukipima matope wakati wenzako wanajenga madaraja. Mjomba wangu, anayenipenda kweli, aliyasema yote mawili siku moja, tukiwa mezani na wageni. Leo ni mwaka wa tano nipo serikalini, kazi yangu ni udongo na vifaa vya barabara, na sikuwa na mtu. Vijana bado wanapewa ushauri uleule, na inaniuma.

Makaratasi nitayapitia haraka. Usajili wa mhandisi mhitimu kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi niliufanya mapema, kabla sijaona tangazo lolote. Wenzangu wawili walisubiri tangazo litoke kwanza. Siku zikaisha bado wanafuatilia barua. Maombi yanapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na pale hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi. Wanataka cheti chenyewe, kimethibitishwa na wakili. Mihuri, kudurufu, nauli ya Dodoma na gesti ya siku tatu vilikula kama laki mbili na kitu.

Kazi yenyewe nilipewa na mchanga.

Nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo, ile miaka mitatu ambayo Bodi inamweka mhandisi mhitimu chini ya wazoefu. Mradi ulikuwa wa barabara, Kanda ya Ziwa. Siku moja nikatumwa kupima ushindiliaji wa tabaka la G15, yaani udongo ambao CBR yake, kipimo cha uwezo wa kubeba mzigo, haishuki chini ya 15 hata baada ya kulowekwa siku 4. Lilitakiwa lifike asilimia 95 ya msongamano wa juu ambao udongo huo unafikia ukishindiliwa maabara. Unachimba shimo dogo, unapima uzito wa udongo uliotoka na unyevu wake, kisha unamimina mchanga mkavu kutoka kwenye silinda hadi shimo lijae. Uzito wa mchanga ulioingia ndio unaokwambia ukubwa wa shimo.

Nikapata 91. Shimo la pili 92, la tatu 90. Nikarudia hesabu mara tatu, nikaandika barua ya kukataa tabaka lote. Mkandarasi akaja juu, akasema greda, boza na shindilia vimefanya kazi hapo siku mbili, haiwezekani. Mimi nikasimama na namba zangu.

Jioni nikamkuta fundi sanifu wetu wa maabara, mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Ulipokuwa unamimina mchanga, shindilia lilikuwa wapi?”

Nikamwambia lilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka nilipochuchumaa, likishindilia kipande kinachofuata. Hakusema kitu. Alichukua kopo tupu la maziwa, akamimina mchanga mkavu hadi ukingoni, akausawazisha, kisha akaligonga ubavuni kwa funguo, taratibu. Mchanga ukashuka karibu upana wa kidole.

Nikaelewa palepale, hadi tumbo likanikaza. Uzito wa mchanga kwa ujazo wake tulikuwa tumeupima maabara, pametulia. Kule barabarani mtetemo ulikuwa unaubana shimoni, ukaingia mwingi kuliko haki yake. Hesabu ikaamini shimo ni kubwa, na shimo likionekana kubwa, udongo uliotoka humo unaonekana mwepesi. Ningeifuata barua yangu, mtu angefumua kazi nzuri.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla mashine hata moja haijawaka, tulichimba mashimo mapya jirani na yale ya jana: 96, 97, 96. La nne, pembeni kabisa, likatoa 93, na hilo lilikuwa kosa la kweli, shindilia halikuwa likifika ukingoni. Nilimwendea mkandarasi mwenyewe nikamwambia barua ya jana naiondoa, ila ukingo arudie. Akarudia bila neno. Tangu siku hiyo sipimi hadi mashine za jirani zizimwe, hata kama dereva atanung'unika.

Sasa njoo kwenye usaili. Mmoja wa wasaili akauliza: mkandarasi anabisha matokeo yako ya ushindiliaji, utafanya nini? Nikawasimulia kopo la maziwa. Msaili akaacha kuandika, akaniuliza: je, mchanga ukiwa na unyevu? Nikamjibu hiyo ndiyo hatari zaidi. Mchanga wenye unyevu haushuki vizuri, unaacha mapengo, shimo linaonekana dogo na kazi mbovu inapita. Nilitoka mle chumbani nikijua.

Waliosema nitaozea maabara hawajatembea na mimi. Hii kazi nusu yake ni miguu. Mwaka wa 1935 Geoffrey Milne, mtafiti wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani, Tanga, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni. Wasukuma walikuwa na majina ya ngazi hizo: luseni juu, kichanga, itogolo katikati, mgumu, mbuga chini, mfinyanzi mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Mbuga ikiwa kavu ni ngumu kama jiwe. Ukipima bila kuloweka imekudanganya, na lami itapasuka juu yake.

Karibuni tulikuwa tunachunguza njia mpya. Mashimo yamepangwa kwa umbali sawa kwenye karatasi, vizuri kabisa. Nikamwomba mzee mwenyeji atembee nami. Tulipofika mahali ambapo mimi nisingesimama, akaniambia, “Mwanangu, hapa bado itogolo. Mbuga inaanzia pale penye migunga.” Nikaongeza shimo. Ulitoka mfinyanzi mweusi, mita moja na nusu, na nikiuvingirisha kiganjani ukiwa na maji unatoa uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika. Mashimo mawili ya kwenye karatasi yalikuwa yanaliruka eneo lote lile.

Kwenye ripoti mpaka wa mbuga niliuandika pale alipouonyesha, na pembeni nikaweka majina ya Kisukuma. Atakayekuja kuchimba baada yangu atauliza wenyeji, na wenyeji wanaujua udongo wao kwa majina hayo.