Miaka 22, kisha Slowdive wakarudi

Nilianza kuwasikia Slowdive, bendi ya gitaa, mwaka 2008, hapa Walukuba, Jinja, kwenye flashi ambayo kaka yangu aliileta kutoka Kampala. Bendi ilikuwa imevunjika zamani. Tulikuwa na gitaa moja tu, uzi wake mwembamba kabisa ni waya tuliouchomoa kwenye kebo ya breki ya baiskeli, na tulikesha tukitafuta ule mlio wao, gitaa zinazomiminika kama mvua juu ya mabati. Hatukuupata. Sauti za Rachel Goswell na Neil Halstead zimezama humo ndani, maneno huyashiki, ila huzuni unaijua.

Kwao ni Reading, Uingereza, walianza 1989. Magazeti ya muziki yaliwasifu, kisha yakawageuka na kuwakejeli. Mpiga ngoma, Simon Scott, akaondoka 1994. Mwaka uliofuata wakatoa albamu ya Pygmalion, kampuni ya rekodi ikawaacha, basi, bendi ikavunjika.

Wakapanda tena jukwaani 2014, na 2017, miaka 22 baada ya Pygmalion, ikatoka albamu mpya waliyoipa jina la bendi yenyewe. Waliopiga ni watano walewale wa Souvlaki, albamu yao ya 1993, Scott naye yumo! Wangeweza kuzunguka na nyimbo za zamani tu, watu wangelipa vilevile. Wao wakaingia studio.

Lakini inayonishika mimi ni ya 2023, everything is alive. Mama yake Rachel na baba yake Scott walifariki 2020, na albamu imetolewa kwa kumbukumbu yao. Inaanza na kinanda cha umeme kinachozunguka palepale, peke yake, ndipo ngoma na gitaa zinaingia. Mara ya kwanza niliisikiliza usiku, umeme umekatika, simu nimeiweka ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue. Mama yetu naye tulimzika 2020. Tangu siku hiyo kaka hajagusa gitaa.

Yuko Juba kikazi. Nilimtumia wimbo ule wa kwanza, akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akapiga, hata salamu hakutoa: "Lile gitaa bado lipo?"

Lipo, juu ya kabati la mama, shingo imepinda kidogo. Jana nimepita kwa fundi baiskeli nikanunua kebo ya breki.